USINGIZI MTAMU, NDOANA TUMBONI! Siri ya njuga za kwenye barafu

ASIKWAMBIE mtu, mpenzi msomaji, kuna watu wanavua samaki huku wamelala fofofo kitandani, blanketi mpaka shingoni. Tena si samaki wa ndotoni. Ni wa kweli, wa kukaanga na kulia ugali.

Watu hao wako Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani linalopakana na Kanada. Baridi ya kule si mchezo. Maziwa yanaganda juu mpaka magari yanapita. Sasa jamaa badala ya kujifungia ndani waangalie runinga, wanaburuta vibanda vyao mpaka katikati ya ziwa, wanatoboa barafu kwa keekee kubwa, wanatega humohumo sakafuni. Kibanda kina vitanda, jiko la gesi na matundu ya kuvulia. Raha mustarehe!

Waswahili wenzetu, hasa wa kutoka Kenya, ni wengi katika jimbo hilo. Wengi wao habari za kulala juu ya ziwa hawataki hata kuzisikia. Lakini shemeji yangu, mume wa dada, yeye kanogewa. Anafanya kazi za zamu za usiku, na siku akipata mapumziko mawazo yake yote yako ziwani. Ndiye aliyenipeleka Mille Lacs, ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 500, lililo kama kilomita 160 kaskazini mwa jiji la Minneapolis.

NJUGA UKUTANI

Samaki anayetafutwa hapo anaitwa wolai. Macho yake yana utando wa nyuma unaorudisha mwanga, kama macho ya paka ukimmulika na tochi. Kwa hiyo giza kwake ni neema. Anawinda jua likizama, usiku, na alfajiri, saa ambazo binadamu aliyechoka anataka kulala.

Ndipo ikabuniwa dawa. Ukutani, juu ya kila tundu, kunafungwa kigurudumu chenye mshipi, na ndani yake mna vigololi. Samaki akivuta, gurudumu linazunguka, vigololi vinalia chakacha-chakacha kama njuga za mcheza ngoma. Unaruka kitandani, unashika mshipi kwa mikono, unavuta. Hakuna fimbo wala mbwembwe.

Wengine hutega nje kwa chombo chenye kibendera. Samaki akivuta, kibendera kinasimama.

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha: tega, lala, amka uchukue kitoweo. Thubutu! Mshipi usioshikwa mkononi unataka matayarisho mengi kuliko ule unaoushika, maana mkono una akili na njuga haina. Mkono unahisi samaki anapogusa tu. Njuga inangoja mpaka gurudumu lizunguke, na hapo katikati ndipo mambo yanapoharibika.

UGOMVI WA KAMBA LEGEVU

Shemeji alikuwa na imani yake. Kila alipotega, aliacha mshipi mlegevu wa mita nzima na ushee ukiwa umejikunja sakafuni. Hoja yake ilikuwa kwamba wolai ni mwoga, akihisi uzito anatema chambo na kwenda zake. Na kweli, katika maji ya baridi samaki hana haraka, anaonja-onja.

Usiku wa kwanza njuga ikalia. Shemeji akavuta, samaki akaja bila ubishi. Kumbe ndoana iko ndani kabisa, hata mdomoni haionekani. Tena kipimo chake hakikuwa cha kuruhusiwa kuchukuliwa. Ilibidi arudishwe majini na damu zake. Ikaumiza roho.

Asubuhi akaja kutusalimu mzee mmoja wa Kimarekani, jirani wa kibanda cha pili. Akaitazama ile mikunjo sakafuni, akacheka. Kwa Kiswahili chetu alisema hivi: "Kijana, samaki wako umemwachia kamba ya kula, kushiba na kunawa mikono. Ndipo anabisha hodi."

"Mzee, nikipunguza si atatema?" shemeji akauliza.

"Usimpe kamba ndefu. Mpe gurudumu jepesi."

Hapo, msomaji, ndipo nilipoelewa. Tatizo halikuwa woga wa samaki. Gurudumu lilikuwa zito, ndiyo maana likahitaji kamba ndefu ya kumdanganya. Mzee akalegeza skurubu ya kubana, kidogo tu, mpaka likazunguka kwa kuvutwa na kidole kimoja, ila lisiwe legevu mno likaachia mshipi wote na kufanya fundo. Kisha akabakiza ulegevu wa kama nusu mita. Njuga sasa inalia mapema, samaki bado ana chambo mdomoni.

MATENGENEZO YENYEWE

Siku ile tukashinda tunarekebisha mitego yote. Haya ndiyo tuliyoyafanya, na wewe mwenye ndugu kule unaweza kumkatia ukurasa huu.

Mshipi wa kwenye gurudumu uwe mnene, wa kusokotwa, usiokata mikono wala kujifunga ovyo. Mwisho wake unafungwa kichuma kidogo kinachozunguka, ili chambo kikijizungusha mshipi usijisokote. Chini ya hicho unafunga kipande cha uzi mwembamba wa florokaboni, ambao hauonekani vizuri majini, wa urefu kama mita moja na nusu. Chubwi ndogo inakaa juu ya ndoana kwa kadiri ya sentimita 40, ili chambo kiogelee kwa nafasi.

Chambo ni kisamaki hai. Anachomwa ngozi ya mgongoni tu, usiguse uti, aendelee kuchezacheza. Anateremshwa mpaka karibu na chini, kama futi moja kutoka sakafu ya ziwa. Ukishapata kina, tia alama ya uzi mwekundu kwenye mshipi, ili usiku wa manane urudishe palepale bila kupimapima.

Ile mikunjo ya mshipi haikai tena sakafuni ambako kiatu kinaweza kuibeba. Inaning'inizwa kwenye kijiti laini ukutani, ambapo mvuto mdogo unaiachia. Na kila gurudumu tulilibandika utepe unaong'aa gizani, maana njuga zikilia ukiwa na usingizi hujui ni ya tundu lipi.

Halafu kuna adui anayeitwa barafu. Tundu la karibu na ukuta linaganda upesi, na mshipi ukishikwa na barafu samaki atavuta mpaka kesho bila njuga kulia. Tulirundika theluji kuzunguka kibanda kwa nje, upepo usipenye chini. Kila mtu akiamka, hata kama ni kwenda kujisaidia, anapitisha upawa wa matundu kuondoa vipande vya barafu.

La mwisho ni ndoana yenyewe. Zile za ncha tatu tukaziweka kando, tukafunga zile za duara, ambazo kwa kawaida hunasa pembeni mwa mdomo. Nazo zina masharti: usishtue kwa nguvu kama unavua perege, vuta taratibu mfululizo.

Usiku wa pili njuga zililia mara tatu. Samaki watatu, wote wamenaswa mdomoni. Mmoja akaingia kikaangoni, wawili wakarudi kwao wakiwa wazima.

KWANINI UJISUMBUE?

Utasema, samaki akifa si tumle? Ngoja nikwambie. Mille Lacs lina mgawo wa wolai wanaoruhusiwa kuvuliwa kila mwaka, unaogawanywa kati ya serikali ya jimbo na makabila ya Ojibwe, ambao haki yao inatokana na mkataba wa mwaka 1837 na ilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1999. Katika mgawo wa jimbo, hata wale wanaokadiriwa kufa baada ya kurudishwa majini wanahesabiwa. Agosti 2015 msimu wa wolai ulifungwa kabla ya wakati wake kwa sababu mgawo ulikuwa umeisha, na wenye mahoteli na maduka ya chambo wakabaki kushika tama. Kwa hiyo ndoana moja tumboni inagusa mifuko ya watu.

Ndiyo maana sheria ya Minnesota haitaki mtego wa kutelekeza. Kwenye barafu unaruhusiwa mishipi miwili kwa mtu, lakini lazima uwe mahali unapoiona, na ule wa kibendera usiwe mbali nawe zaidi ya futi 200. Kwenda mjini kunywa bia huku umetega ni kosa.

Na samaki akimeza hata hivyo? Usimkwanyue matumbo. Kata uzi karibu na mdomo, mrudishe haraka. Usimlaze juu ya theluji, baridi ile inagandisha macho na mashavu yake.

NJUGA YA PILI

Kuna kengele moja ambayo shemeji haachi kuikagua, nayo si ya samaki. Jiko la gesi katika kibanda kilichofungwa linaweza kutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Inamchukua mtu usingizini, kimyakimya. Kila kibanda cha kulala kiwe na king'ora chake chenye betri nzima, na tundu la hewa lisizibwe hata baridi iume vipi. Ile theluji ya kurundika nje nayo isifunike matundu hayo.

Ukitaka kulala juu ya ziwa, basi hakikisha njuga zote mbili zinalia mapema: ya kumwokoa samaki, na ya kukuokoa wewe.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.