Baisikeli Katika Baridi ya Noeli

Katika nchi yetu baisikeli ni mtumishi. Hubeba makala kutoka porini, hubeba mihogo na ndizi hata sokoni, humpeleka mgonjwa kwenye zahanati na katekista kwenye vijiji vya mbali. Wengine huiita velo, wengine kinga, lakini wote hukubaliana juu ya kazi yake. Mtu akifika kwake jioni huiegemeza ukutani, naye hukaa kitako apumzike.

Basi yatushangaza kusikia ya kwamba kule Ubelgiji, katika juma la Noeli, siku zilizo fupi kuliko zote za mwaka, wako watu wengi, waume kwa wake, ambao huacha moto wa nyumbani na kupanda baisikeli. Huzunguka mashambani muda wa saa tatu au nne, kisha hurudi pale pale walipotoka, bila mzigo na bila biashara. Msomaji mpenzi, usiwacheke upesi. Tutazame kwanza nchi yao, njia zao na hatari zao. Halafu tutaona kama liko neno la kuwafaa baba na mama wa jamaa zetu.

Siku fupi

Kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mchana na usiku hugawana saa sawasawa mwaka mzima. Kule Ubelgiji sivyo. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasoro robo ya asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja ya alasiri limekwisha kutua. Mchana wote hauzidi saa nane, tena mara nyingi mawingu huufunika. Theluji huanguka mara chache kuliko watu wengi wa kwetu wanavyodhani. Mvua nyembamba, ukungu na upepo ndivyo vinavyotawala, na kipimo cha joto hukaa karibu na digrii 4.

Mtu afanyaye kazi ofisini huondoka kwake gizani na kurudi gizani. Majuma mengi hupita bila uso wake kuona mwanga wa mchana. Waganga wamekwisha kuonyesha ya kwamba mwili wa mtu huhitaji mwanga huo ili usingizi uje kwa wakati wake na moyo usilemewe na huzuni. Wakati wa Noeli shule hufungwa majuma mawili, na ofisi nyingi hupunguza kazi. Hapo ndipo mtu anapopata nafasi ya kutoka nje mchana. Baisikeli humpeleka mbali kuliko miguu, wala haimfungii ndani ya kioo kama motokari.

Wengine hujiwekea shabaha. Tangu mwaka 2010 kampuni ya mavazi ya baisikeli iitwayo Rapha, ya London, imewaalika watu wa nchi zote wapande kilometa 500 kati ya tarehe 24 na tarehe 31 Desemba. Ukigawanya hesabu hiyo kwa siku nane, ni zaidi ya kilometa 62 kila siku, pamoja na Noeli yenyewe. Si mashindano: hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Maelfu ya watu hujaribu, na wengi huishia njiani.

Njia zilizotoka mgodini

Tuchukue mfano wa jimbo la Limburg, upande wa mashariki wa Ubelgiji. Mwaka 1901 makaa ya mawe yaligunduliwa huko katika kijiji cha As, na baadaye migodi saba ikachimbwa: Winterslag, Waterschei, Zwartberg, Eisden, Houthalen, Zolder na Beringen. Maelfu ya watu walipata chakula chao chini ya ardhi, Wabelgiji pamoja na wageni kutoka Italia, Poland, Uturuki na Moroko. Kisha makaa yalipoacha kuleta faida, migodi ikafungwa mmoja mmoja. Wa mwisho, Zolder, ulifungwa mwaka 1992. Wasomaji wa Kolwezi na Likasi hawahitaji kuelezwa maana ya mji ambao mgodi wake unanyamaza.

Ndipo mhandisi mmoja wa migodi hiyo, Hugo Bollen, alipotoa shauri. Chini ya ardhi njia ni nyingi kama mizizi ya mti, na mchimbaji hujua mahali alipo kwa namba zilizowekwa penye njia panda. Kwa nini isifanywe hivyo na juu ya ardhi? Mwaka 1995 Limburg ilifungua mtandao wa njia za baisikeli uliofuata wazo hilo. Kila njia panda ina namba yake, na kibao huonyesha namba zilizo jirani. Asubuhi mtu huandika namba chache katika kipande cha karatasi, hukifunga juu ya usukani, naye huzifuata mpaka arudi kwake. Mtoto ajuaye kusoma namba aweza kuwaongoza wazee wake. Wazo hilo likaenea katika Flandria yote, likavuka mpaka mpaka Uholanzi na Ujerumani.

Baadhi ya njia hizo hupita palipokuwa na reli ya makaa. Nyingine hufuata ukingo wa mfereji wa Albert, unaotoka Liège mpaka Antwerpen. Karibu na Bokrijk, tangu mwaka 2016, iko njia iliyokatwa katikati ya ziwa dogo, yenye urefu wa mita 212. Apitaye juu ya baisikeli huona maji pande mbili, sawa na macho yake, kama wana wa Israeli katika Bahari ya Shamu. Tena katika njia za mashambani vimesimama vikanisa vidogo vya Bikira Maria, na mwendaji hushuka hapo, huvua kofia, husali Salamu Maria moja, kisha huendelea. Wengine hufika mpaka Scherpenheuvel, kwenye basilika ya Mama Maria yenye pembe saba, ambayo mahujaji wameitembelea tangu karne ya kumi na saba.

Adui asiyeonekana

Lakini Desemba si Juni, na barabara ya mashambani wakati wa baridi ina adui wake. Theluji huonekana; barafu nyembamba haionekani. Usiku ukiwa mweupe, bila mawingu, joto la ardhi hupanda juu na kupotea, na maji yaliyobaki barabarani huganda kama kioo. Daraja huganda kwanza, kwa sababu upepo baridi hupita juu yake na chini yake, wala hakuna udongo wa kulipasha moto. Vivyo hivyo mahali penye kivuli cha msitu, ambapo jua halikufika tangu asubuhi. Yako pia majani yaliyolowa, na matope yanayoachwa na matrekta ya wakulima.

Wazoefu hufundisha hivi. Ukitambua uko juu ya barafu, usikaze breki, usipinde usukani, usikanyage kwa nguvu. Iache baisikeli iende mbele mpaka ipite. Punguza kidogo upepo katika mipira, ili mpira ukae vizuri juu ya ardhi. Katika nchi za kaskazini hutumia mipira yenye vijiti vya chuma vinavyouma barafu. Nayo chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu huula mnyororo. Kwa hiyo yapasa kuosha baisikeli kila jioni na kuitia mafuta.

Juu ya taa, sheria ya Ubelgiji haina mchezo. Tangu giza linapoingia mpaka kupambazuke, na hata mchana ikiwa mtu haoni vema hata mita 200, baisikeli lazima iwe na taa nyeupe au ya manjano mbele na taa nyekundu nyuma. Vijana wetu walioko masomoni Leuven, Liège au Bruxelles na walishike neno hili. Kwetu mwezi huangaza njia. Kule dereva aliye nyuma ya kioo chenye mvuke hamwoni mtu aliyevaa nguo nyeusi.

Mwili nao huhitaji ulinzi. Hewa ikiwa digrii 2, mtu aendaye kilometa 25 kwa saa huisikia baridi usoni kama digrii 3 chini ya sifuri, kwa sababu ya upepo anaoufanya mwenyewe. Kwa hiyo huvaa nguo nyembamba zaidi ya moja: ya ndani ya kuondoa jasho, ya kati ya kutunza joto, ya nje ya kuzuia upepo. Wazee wa zamani walitia karatasi ya gazeti kifuani kabla ya kuteremka mlima, na shauri hilo lafaa hata leo. Hatari kubwa ni kusimama muda mrefu na jasho mwilini. Vidole vikifa ganzi, shuka, tembea, vipashe joto kwapani. Tena ni lazima kunywa maji, ingawa baridi huondoa kiu.

Jambo lisilosahaulika

Sisi Wakongo hatuwezi kuutazama mpira wa baisikeli bila kukumbuka. Mwaka 1888, mjini Belfast, John Boyd Dunlop alipata hati ya mpira wenye upepo ndani. Baisikeli, ambayo hapo awali ilitikisa mifupa, ikawa laini, na Ulaya nzima ikaitamani. Bei ya mpira ikapanda, na baadaye motokari zikaongeza haja. Wakati huo nchi yetu ilikuwa mikononi mwa mfalme Leopold II, tangu 1885 hata 1908. Watu wa vijiji walilazimishwa kwenda msituni kukamua mitambaazi ya mpira. Wake zao walishikwa rehani, na waliopunguza kipimo walipigwa, wengine waliuawa, wengine walikatwa mikono. Wamisionari waliosema kweli juu ya mambo hayo, pamoja na watu wengine wenye dhamiri, ndio waliosaidia dunia kujua.

Mtu apandaye baisikeli leo kule Limburg hakufanya dhambi hiyo. Lakini ni haki ajue, na ni haki watoto wetu wajue, ya kwamba raha ya mtu mmoja yaweza kulipwa kwa machozi ya mwingine aliye mbali asiyeonekana. Kila Mkristo na ajiulize swali hilo juu ya vitu anavyovitumia.

Raha ina mpaka

Kanisa halichukii mchezo. Mwaka 1949 Papa Pio XII alimtangaza Bikira Maria wa Ghisallo kuwa msimamizi wa wapanda baisikeli. Kikanisa chake kiko juu ya mlima karibu na ziwa Como, nchi ya Italia, na kuta zake zimejaa baisikeli za mabingwa.

Mmoja wa mabingwa hao, Gino Bartali, alishinda mbio za kuzunguka Ufaransa mwaka 1938 na tena mwaka 1948. Wakati wa vita, miaka 1943 na 1944, alipita barabara za mashambani kati ya Firenze na Assisi, akionekana kama mtu afanyaye mazoezi. Kumbe ndani ya baisikeli yake alificha hati za kuwaokoa Wayahudi waliotafutwa wauawe. Kardinali Elia Dalla Costa wa Firenze ndiye aliyemwita katika kazi hiyo. Bartali hakujisifu; mwaka 2013, alipokwisha kufa, Yad Vashem ya Yerusalemu ilimhesabu miongoni mwa Wenye Haki. Nguvu ya miguu yake alipewa na Mungu, naye aliirudisha kwa jirani.

Hapo tunapata kipimo cha raha zote. Baba anayetoka asubuhi ya tarehe 27 apate hewa, akarudi mchana mwenye uso mkunjufu, akawapakulia watoto supu na kuwasimulia aliyoyaona, amefanya vema: amewarudishia jamaa yake baba aliyepumzika. Lakini yule anayehesabu kilometa zake siku nane, akikosa Misa ya Noeli, akimwachia mkewe wageni, vyombo na watoto, huyo ameigeuza sikukuu kuwa kazi nyingine. Kilometa 500 zitimie, lakini kiti chake mezani kimebaki kitupu, naye hawezi kukaa tena katika siku iliyopita.

Kwetu hatuna barafu, lakini tuna mambo yanayofanana nayo. Wengine huimaliza Noeli katika mpira wa miguu, wengine katika baa, wengine katika safari za biashara. Kila baba na apime mwenyewe. Wala tusisahau upande wa pili: wako pia mababa na mamama ambao hawapumziki kamwe, ambao baisikeli yao haijui siku ya Bwana, makala leo, makala kesho, mpaka mgongo unavunjika kabla ya wakati. Kwao mfano wa Wabelgiji una neno jema. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba.

Basi Noeli ijayo, mzigo ukiisha kushushwa na Misa ikiisha, mpandishe mtoto wako nyuma ya baisikeli, mwende polepole mpaka kwa bibi yake. Msibebe kitu cha kuuza. Mpite mtoni, mtazame mashamba, mwimbe. Mtoto hatakumbuka bei ya makala ya mwaka ule, bali atakumbuka mgongo wa baba yake na upepo wa njiani.