Kabla hujaipeleka baiskeli porini, jua breki ya mbele iko mkono gani

Mwaka juzi, Jumapili moja, mimi na mpwa wangu tulivuka Likoni alfajiri na baiskeli mbili. Tukapanda hadi Kwale, kama kilomita 30 hivi, kisha tukaiacha lami na kushuka kwa njia ya miguu inayopita baina ya mikorosho. Kijana alikuwa na miaka 16. Baiskeli yake ilikuwa ya mtumba, tumeinunua wiki ile ile, nzuri, tairi pana, springi za mbele, rangi yang'ara. Katikati ya mteremko akaona shimo, akabana breki ya mkono wa kushoto, mkono ambao tangu utotoni aujua kuwa ni wa gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele likasimama papo hapo, naye akapita juu ya usukani.

Mtulinga ulivunjika. Helmeti aliyovaa ilipasuka vipande viwili na kichwa kilichokuwa ndani yake kikabaki kizima. Mimi mjomba mtu, niliyemlazimisha avae, yangu nilikuwa nimeitundika kwenye usukani kwa sababu ya joto.

Dada yangu hakunisemesha mwezi mzima, na haki alikuwa nayo. Tangu hapo nimeulizwa na wazazi wengi mtaani, maana vijana wetu wameupenda mchezo huu na kila wikendi utawaona wakielekea Kilifi au Kwale kwa makundi. Kwa hivyo nimeamua kuyaandika niliyojifunza, mengine kwa kusoma, mengine kwa kuanguka.

Tuanze na hiyo breki, kwa kuwa ndiyo iliyotuumiza na watu wengi hawaijui. Kenya tulirithi desturi ya Uingereza: mkono wa kulia ni breki ya mbele, wa kushoto ni ya nyuma. Japani ni vivyo hivyo. Lakini Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya bara ni kinyume, kushoto ndiyo ya mbele. Baiskeli za mtumba zinazoshuka bandarini zatoka pande zote hizo, na muuzaji hakwambii, aghalabu hata yeye hajui. Kuipima ni kazi ya dakika moja. Simama kando ya baiskeli, bana mkono mmoja, isukume mbele. Gurudumu lililokataa kuzunguka ndilo lenye mkono huo. Kama ni breki za waya, fundi yeyote atazibadilisha waya mara moja. Kama ni za mafuta, mpelekee fundi anayezijua, kwani hewa ikiingia ndani ya mpira wa mafuta, breki hulegea na huna breki tena.

Wala usidhani dawa ni kuikimbia breki ya mbele. Hiyo ndiyo yenye nguvu ya kusimamisha baiskeli, kwa sababu ukipunguza mwendo uzito wote hukimbilia mbele. Breki ya nyuma peke yake kwenye mteremko wa changarawe itakuburuta tu. Siri ni kuzibana zote mbili polepole kwa kidole kimoja au viwili, si kwa kiganja kizima, huku makalio umeyarudisha nyuma ya kiti, pedali zimelingana usawa mmoja, na macho yatazama mbele unakokwenda, si kwenye jiwe unaloliogopa. Jiwe ukilitazama utaligonga. Hili la mwisho sijui kwa nini liko hivyo lakini liko hivyo.

Kwenye kununua, usidanganywe na rangi. Kagua fremu pale vyuma vinapoungana, hasa chini ya usukani. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, rangi iliyopasuka au kutu inayochungulia, iache hata kama bei ni ya bure. Shika breki ya mbele, itikise baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga ndani ya shingo, beringi zimelegea au zimekwisha. Mnyororo upime kwa rula: pini ya kwanza hadi ya ishirini na tano iwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umevutika, badilisha. Ikizidi kwa moja ya nane, hesabu na gia za nyuma pia, maana mnyororo mbovu huyatafuna meno ya gia, na hapo bei uliyoona rahisi imeshakuwa ghali.

Tazama pia mdomo wa tubu. Baiskeli nyingi za milimani kutoka ng'ambo zina mdomo mwembamba wenye kijiskurubu juu, unaoitwa Presta. Pampu ya fundi wa kando ya njia haiushiki, na ile hewa ya petroli stesheni pia haiushiki. Nunua kile kiunganishi kidogo cha shaba, ni cha bei ndogo mno, kifunge kwenye mdomo mmoja na usikitoe. Nimeona mtu akisukuma baiskeli ya maelfu ya shilingi saa mbili juani huku fundi mwenye pampu amempita njiani.

Na hewa yenyewe, wengi wetu tunajaza kupita kiasi. Tumezoea baiskeli za kubebea mizigo, tairi iwe ngumu kama jiwe. Porini hiyo ni makosa. Tairi pana ya inchi 2.2 na mtu wa uzito wa kawaida, kiasi cha psi 30 chatosha kwa njia ya udongo, na kwenye mchanga waweza kushuka hadi 25. Ikilegea hivyo, tairi hukaa pana juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ila usishushe mno, maana ukigonga jiwe la matumbawe tubu itabanwa na rimu, utakuta matundu mawili sambamba kama ya meno ya nyoka. Mchanga nao una adabu yake: ingia ukiwa na gia nyepesi, kanyaga bila kukatiza, mikono usiikaze, na kona usiikate kwa ghafla.

Sasa maradhi yetu ya pwani, nayo ni chumvi. Baiskeli inayodumu miaka kumi bara, hapa mitatu imekwisha, kwa sababu hewa yenyewe yala chuma. Watu wengi huosha baiskeli zao kwa maji ya kisima, na visima vingi vya Mombasa ni vya chumvi, kwa hivyo wanaiongezea sumu na kudhani wameisafisha. Tumia maji matamu, hata ndoo moja tu, futa kwa kitambaa, kausha, kisha tia tone la mafuta kwenye kila kiungo cha mnyororo na ufute yaliyobaki nje. Mafuta mengi hukusanya mchanga, na mchanga na mafuta ni msasa. Kila baada ya miezi miwili au mitatu chomoa nguzo ya kiti, ipake grisi, irudishe. Nguzo ya aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, pamoja na chumvi, hushikana moja kwa moja. Yangu ya kwanza ilitolewa kwa msumeno. Na zile picha za kuendesha maji yakipiga magurudumu ufuoni ni nzuri kwa simu, si kwa beringi.

Helmeti inunue mpya. Ya mtumba huwezi kujua ilishaanguka mara ngapi, kwani povu la ndani likishabanwa mara moja halirudi, na nje haionyeshi kitu. Ndani pawe na kibandiko cha kipimo, EN 1078 cha Ulaya au CPSC cha Marekani. Ikae sawa juu ya paji la uso, si nyuma kama kofia ya viua, na ukanda chini ya kidevu ubakishe nafasi ya vidole viwili. Wasichana wanaoendesha na hijabu, kitambaa chepesi kisicho na pini wala fundo nyuma chakaa vizuri chini yake. Kikoi, dira na suruali pana zifungwe. Mnyororo hauchagui nguo. Ongeza glovu, kwa kuwa anayeanguka hutanguliza viganja, na matumbawe huchuna ngozi vibaya.

Wapi pa kuendesha? Kwa anayeanza napenda Arabuko Sokoke, kwa kuingilia Gede. Ni msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa zaidi cha msitu wa pwani kilichobaki Afrika Mashariki, na njia zake kwa sehemu kubwa ni tambarare, kivuli tele, mchanga wa kukutoa jasho. Lipa kiingilio, chukua kiongozi anayeijua njia. Ndovu wamo. Baiskeli haina sauti, na hiyo ndiyo hatari yake, waweza kutokea konani ukawa mbele ya mnyama ambaye hakukusikia. Zungumzeni, pigeni kengele kabla ya kona. Ukishamuona ndovu, hapo kengele basi: simama, rudi nyuma taratibu ulikotoka, usijaribu kumpita kando.

Kwa sababu hiyo hiyo ndani ya hifadhi ya Shimba Hills siendi kwa baiskeli, mbogo na ndovu ni wengi. Lakini vijiji vya pembeni, Matuga na mashamba ya juu ya Kwale, vina njia za kila namna. Ni njia za watu wendao kisimani na shuleni, kwa hivyo punguza mwendo, salimu, na mpishe mama mwenye dumu kichwani, si yeye akupishe. Kilifi udongo mwekundu ni raha wakati wa kiangazi, na masika huwa sabuni. Mashamba ya mkonge ya Vipingo ni mali ya wenyewe, omba ruhusa kwanza. Na miba ya mkonge haicheki na tubu. Anayetaka milima ya kweli, apande Taita. Wundanyi kuna baridi, na kilele cha Vuria chafika mita 2,208. Kushuka kutoka huko usiziburute breki muda wote hadi zikanuka. Bana, achia, bana, achia, na usimame kuzipoza.

Kuna pahali pamoja pasipo pa baiskeli kabisa, nao ni makaya. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini heshima yake ni ya kale kuliko orodha hiyo. Njia ukiiona nzuri namna gani, yaingia kwenye miti mikubwa penye kaya, geuza. Anayetaka kuona aende kwa miguu, kwa idhini ya wazee. Kaya Kinondo kule Diani hupokea wageni kwa utaratibu huo.

Joto ndilo linaloangusha wengi kuliko mawe. Anza alfajiri, saa nne asubuhi uwe unarudi. Kunywa nusu lita hadi robo tatu ya lita kila saa, hata kabla ya kiu. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni haba, na jasho letu latoa chumvi nyingi. Nabeba chupa moja ya maji na ya pili ya mchanganyiko: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mwenzako akiacha kutoa jasho, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, safari imekwisha. Mweke kivulini, mwagie maji, mpepee, tafuta gari. Wakati wa kusi anza safari kwa kuelekea kusini, ukiupinga upepo ungali na nguvu, ili ukusukume wakati wa kurudi. Manahodha walijua hesabu hii kabla yetu.

Mkobani niwe na tubu mbili, viraka, vibao vya kutolea tairi, pampu, funguo ndogo, bendeji na kitambaa kirefu. Kile kitambaa ndicho kilichoufunga mkono wa kijana wangu kifuani tulipokuwa tukisubiri gari. Aliyeumwa na nyoka asikatwe chale wala asifyonzwe, wala asifungwe kamba ya kukaza; atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali upesi. Namba ya dharura ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Simu iwe na chaji, na nyumbani mtu ajue mmekwenda njia gani na mtarudi saa ngapi. Sisi siku ile hatukumwambia mtu. Aliyetuokoa ni mkulima mmoja wa mikorosho aliyetupigia ndugu yake mwenye pikapu.

Kijana alipona baada ya wiki nane. Baiskeli tuliigeuza waya, kulia mbele, kushoto nyuma, na tukanunua helmeti mbili mpya. Siku hizi tukitaka kutoka, dada yangu huja mlangoni na leso yake begani, huishika ile baiskeli, hubana mkono wa kulia, akaisukuma, akaangalia gurudumu gani limesimama. Kisha hunigeukia mimi na kuniuliza yangu helmeti iko wapi.