Kubandua Rangi Kuukuu Kwenye Plastiki za Gari la Zamani

Likizo iliyopita sikwenda mbali. Nilishinda nyuma ya nyumba na mjomba, tukihangaika na Peugeot 504 aliyoachiwa na babu. Msiicheke! Gari hili lilianza kutengenezwa mwaka wa 1968, na Ove Andersson alishinda Safari Rally akiliendesha mwaka wa 1975. Mwaka wa 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504.

Bodi lilikuwa zima, taabu ilikuwa ndani. Mtu fulani, sijui alipagawa na nini, alipaka plastiki zote rangi ya mafuta ya kijani, ile ya madirisha ya nyumba. Sasa ilikuwa ikibanduka kama magamba ya mbuta.

Kosa la kwanza ni langu. Nilichovya kitambaa kwenye thina nikaanza kusugua kava linalofunika shina la usukani. Rangi ilitoka, kweli, lakini plastiki nayo ikalainika, alama za vidole vyangu zikabaki palepale.

"Haya, mpwa wangu," mjomba akasema polepole, "hicho dukani hakipatikani tena."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ni kwamba plastiki nyingi ngumu za ndani ya gari ni za aina ya ABS, na ABS haina ubavu mbele ya thina. Asetoni ndiyo mbaya zaidi. Msasa je? Msasa hauyeyushi, lakini unafuta vile vipele vilivyoigizwa ngozi, na vikishafutika havirudi.

Basi tukatumia mafuta ya breki. Kila fundi anajua kwamba yakidondokea boneti, rangi hufura. Lakini soma chupa kwanza: tunayotaka ni DOT 3 au DOT 4, yaliyotengenezwa kwa glaikoli. DOT 5 ni ya silikoni, hayaigusi rangi. Jaribu tone moja upande wa nyuma usioonekana, ungoje saa kadhaa. Plastiki ikinata au ikifanya nyufa, achana nayo. Sehemu zinazopitisha mwanga, kama vifuniko vya saa za dashibodi, usizijaribu kabisa.

Sisi tulivaa glavu, tukapaka mafuta kwa brashi, tukafunga kila kipande ndani ya mfuko wa plastiki ili yasikauke. Asubuhi rangi ilikuwa imejikunja. Tukaisugua kwa mswaki mzee na sabuni ya unga. Palipokataa tulirudia, kuparuza kwa kisu ni haraka ya bure.

Jambo moja tulibishana, nami nafurahi kwamba mjomba alishinda. Nilitaka kumwaga uchafu ule mtaroni. Akaniuliza mtaro unakwenda wapi. Nyinyi wa Nyalenda mnajua: mitaro yetu huteremkia Auji, na Auji huingia ziwani. Tulikinga yote kwenye debe, tukalipeleka gereji wanakokusanya vimiminiko vichafu, bila kuchanganya na oili ya injini.

Plastiki zilitoka nyeusi, vipele vyote vipo. Lile kava langu mjomba hakulitupa, alilirudisha mahali pake. Ukiketi kwenye kiti cha dereva utaviona vidole vyangu vinne, upande wa kushoto wa usukani.