Kiwanja Kimoja, Kisima na Choo

Mwezi huu tunazungumza na familia zinazojenga, au zinazopanga nyumba, katika miji inayokua haraka. Mfano wetu ni Dodoma. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu humo watu 410,956. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Katikati ya sensa hizo Serikali ilitangaza kuhamia huko (2016), na mwaka 2018 manispaa ikawa jiji. Barabara zimeongezeka, ofisi zimeongezeka, na kodi ya chumba nayo haikubaki nyuma. Sisi wa ukurasa wa afya tutazame chini ya ardhi.

Dodoma ni nchi kavu. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili hivi, na kwa miaka mingi mji umetegemea visima virefu vya Mzakwe. Nyumba huisha kwa miezi michache. Bomba huweza kuchukua miaka. Basi anayehamia pembezoni huchimba choo cha shimo, na akijaliwa fedha huchimba na kisima, vyote ndani ya kiwanja kimoja.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Maji machafu ya shimo hunywea udongoni. Udongo huchuja vijidudu, lakini wahitaji umbali na muda. Ndiyo maana hushauriwa kisima kiwe mbali na choo kwa mita 30 au zaidi, tena upande wa juu wa mteremko. Sasa chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Hata ukiweka choo katika pembe moja na kisima katika pembe inayotazamana nayo, hupati zaidi ya mita 28. Na bado hujahesabu choo cha jirani, ambacho pengine kiko nyuma tu ya ukuta wako. Fundi wa kisima akija huulizwa bei. Ni nadra kuulizwa choo cha jirani kiko wapi. Shamba kubwa la kijijini liliweza kuvumilia shimo moja. Mtaa wenye mashimo hamsini ni jambo jingine.

Usidanganywe na weupe wa maji. Vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Kwa hiyo maji ya kisima kifupi, na yale ya madumu yanayouzwa kwa mkokoteni, yachemshwe. Akina mama wengi hulalamikia bei ya mkaa, na wana haki. Lakini si lazima kuchemsha nusu saa: yakishatokota sawasawa kwa dakika moja, yatosha. Yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yawekwe katika chombo chenye mdomo mwembamba, mikono isiingie.

Kuna uchafu mmoja ambao moto hauuondoi. Ni chumvi iitwayo naitreti, ambayo hutoka pia vyooni na huweza kumdhuru mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe maziwa ya mama tu.

Mtoto akianza kuhara, usingoje. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama pakiti haipo, koroga vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Mpe kidogo kidogo, na aendelee kunyonya au kula. Zahanatini ataongezewa vidonge vya zinki. Akiwa na macho yaliyozama, akishindwa kunywa, akilegea, au kinyesi kikiwa na damu, mpeleke mara moja, hata kama ni usiku, nanyi mkiendelea kumnywesha njiani kama aweza kumeza.