Je, Wajua? Siku kubofya X kulipohesabiwa kuwa "ndiyo"

Je, wajua kwamba mwaka 2016 uliweza kufunga dirisha kwenye kompyuta yako na kumbe umekubali? Tangu enzi za Windows 95, alama ya X kwenye kona ya juu kulia ni ya kufunga, na hata mtoto anayejifunza kompyuta leo huanza nayo. Mei mwaka huo Microsoft ilitoa dirisha lililotaja siku na saa ambayo kompyuta itahamishiwa Windows 10. Ulipobofya X, dirisha lilitoweka lakini miadi ikabaki. Saa ilipofika, kompyuta ilianza kujihamisha.

Windows 10 ilitoka 29 Julai 2015, na kwa mwaka mzima wenye Windows 7 na 8.1 waliweza kuichukua bure. Ubure wenyewe haukumkera mtu. Kilichokera ni njia iliyopitia. Programu ndogo ya kuinadi, iliyoitwa GWX, iliingia kwenye mashine kwa sasisho namba KB3035583, kupitia mlango uleule wa viraka vya usalama. Februari 2016 Windows 10 yenyewe ikawekwa katika kundi la masasisho "yanayopendekezwa", kundi ambalo kompyuta nyingi zilikuwa zimeruhusiwa kulipakua zenyewe.

Haraka ya nini? Aprili 2015 kampuni ilikuwa imetangaza kwamba Windows 10 ingefikia vifaa bilioni 1 ndani ya miaka 2 au 3. Julai 2016 ikakiri kwamba muda huo hautatosha. Bilioni hiyo ilitimia Machi 2020.

Je, wajua kwamba mtu mmoja aliishtaki Microsoft na kulipwa? Ni mwanamke mwenye wakala wa safari huko Sausalito, California. Alieleza kwamba kompyuta yake ya kazi ilijaribu kujihamisha bila idhini yake, ikashindwa, na tangu hapo ikawa nzito na ya kuzimazima. Mahakama ya madai madogo ilimpa dola 10,000. Microsoft ilikata rufaa, kisha mwaka 2016 ikaiacha, ikisema haikukosea ila inakwepa gharama za kesi. Ninamheshimu sana mama huyu. Wengi wetu tungeapiza, tungempelekea fundi mashine, na mambo yangeishia hapo.

Hata televisheni haikusalimika: Aprili 2016, mjini Des Moines, Iowa, mtangazaji wa hali ya hewa alikuwa hewani akieleza ramani ya mvua, mara tangazo la kuhamia Windows 10 likaifunika mbele ya watazamaji.

Kisa kilichonigusa kuliko vyote ni cha Afrika. Hifadhi ya Chinko iko mashariki mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, mbali na nguzo yoyote ya mtandao. Walinzi wake wanapambana na majangili wenye silaha, na intaneti yao ilikuwa ya setilaiti, inayolipiwa kwa kadiri unavyotumia. Mwaka 2016 watu wa hifadhi hiyo walilalamika hadharani kwamba kompyuta zao zilianza kupakua Windows 10 bila kuombwa. Mzigo huo ulikuwa wa gigabaiti kadhaa kwa kila mashine. Walisema hofu yao kubwa si bili. Walihofia kompyuta kujizima katikati ya kuwaongoza walinzi walio kwenye mapambano. Anayepanga masasisho akiwa kwenye mji ambao intaneti haikatiki na haihesabiwi hafikirii mahali kama Chinko, na ilimpasa afikirie.

Nasi wa bando tunaielewa hasara hiyo. Je, wajua kwamba Windows 10 na 11 zina swichi inayosaidia? Fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua mtandao unaoutumia, kwa mfano hotspoti ya simu yako, kisha uwashe chaguo linaloutaja kuwa mtandao wa kupimwa. Masasisho mengi yatasubiri hadi utakapopata intaneti isiyo na kipimo. Mengine ya dharura bado hupita. Kila mtandao huwekewa swichi yake, kwa hiyo ukiwasha kwa hotspoti ya nyumbani, ya rafiki yako bado iko wazi.

Na je, wajua kwamba waandishi wa programu waliingia upande wa watumiaji? Josh Mayfield alitoa GWX Control Panel, na Steve Gibson akatoa Never10, ambayo haikufika hata kilobaiti 100. Never10 haikuvunja kufuli lolote. Iliwasha tu mipangilio ya kukataa ambayo Microsoft ilikuwa imeiweka kwa ajili ya maofisi. Kukataa kulikuwepo tangu mwanzo, ila hakukuwekwa mahali ambapo mtu wa kawaida angekuona.

Mwishoni mwa Juni 2016 kampuni ilirekebisha dirisha lile: ikaweka kitufe cha kukataa kabisa, na X ikarudia kazi yake ya kufunga. Desemba mkuu wake wa masoko, Chris Capossela, alikiri kwamba walivuka mpaka. Ujerumani, shirika la kutetea walaji la Baden-Württemberg halikuridhika na maneno. Liliibana hadi Agosti 2017, kampuni ilipoahidi rasmi kutopakua tena mafaili ya usakinishaji bila ruhusa ya mwenye mashine.

Ukaidi wa watumiaji haukuanza na Windows 10. Mwaka 2008, watumiaji walipoona Windows Vista haiwafai, zaidi ya 200,000 walitia saini ombi la kutaka Windows XP iendelee kuuzwa. Windows 8 ilipoondoa kitufe cha Start mwaka 2012, kelele zilikuwa nyingi hivi kwamba mwaka uliofuata kitufe kilirudi katika 8.1.

Na wenye pesa? Wao hununua haki ya kubaki. Msaada wa XP ulikoma 8 Aprili 2014. Serikali ya Uingereza ililipa takriban pauni milioni 5.5 ili ipate viraka kwa mwaka mmoja zaidi. Jeshi la Majini la Marekani lilisaini mkataba wa dola milioni 9.1 mwaka 2015.

Sasa upande wa pili, ambao ni lazima usemwe. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa katika nchi takriban 150, kikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetoka tangu 14 Machi, na mashine nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwekewa. Ndiyo maana nakasirishwa na hila ile ya X. Ukipitisha tangazo la biashara kwenye njia ya chanjo, unamfundisha mtu kuikwepa chanjo yenyewe. Viraka vya usalama visizimwe, hata kama mengine unayakataa.

Woga wa watumiaji nao una sababu. Oktoba 2018 sasisho kubwa la Windows 10 lilifuta mafaili ya baadhi ya watu, nyaraka na picha, na kampuni ikalisimamisha siku chache baada ya kulitoa. Mei 2019 ndipo wenye toleo la Home walipopewa uwezo wa kuahirisha masasisho, hadi siku 35.

Leo shinikizo limegeuka. Windows 11 iliyotoka Oktoba 2021 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni; kwa Intel, kwa ujumla kuanzia kizazi cha 8. Windows 10 ilifikia ukomo wake 14 Oktoba 2025. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta milioni 240 zingeweza kuishia kuwa taka kwa sababu hiyo. Kompyuta za mtumba zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi, nyingi zikiwa zimetumika kwanza kwenye maofisi ya nje, zimo kwenye mstari huohuo. Mashine inawaka, kibodi haina tatizo, diski ni nzima, lakini mlango wa toleo jipya umefungwa.

Kwa watu binafsi kuna mwaka wa nyongeza wa viraka, hadi 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, au unatoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au unakubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya zimepewa bila sharti la malipo wala la kuhifadhi mipangilio, baada ya mashirika ya walaji kushinikiza. Afrika Mashariki haimo katika msamaha huo.

Asiyetaka lolote kati ya hayo anaweza kuiacha Windows na kutumia Linux Mint au Ubuntu, na zote mbili ni za bure. Unaweza kuziwasha kutoka kwenye flashi na kuzijaribu bila kugusa diski ya kompyuta: angalia kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama printa inatambulika. Ukiamua kusakinisha mojawapo, nakili kwanza nyaraka na picha zako zote kwenye diski ya nje, kwa sababu usakinishaji unaweza kufuta kila kilichomo.