Kitabu Kinacholala Wazi Mezani

Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutolewa bure, na madarasa yamefurika. Katanika, nje kidogo ya mji wa Kalemie, kuna mzigo mwingine juu ya huo. Eneo hilo lilipokea maelfu ya watu waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba yaliyopamba moto mkoani Tanganyika kuanzia mwaka 2016, na watoto wa wakimbizi hao wa ndani nao wanahitaji benchi, kaye na kitabu.

Mahali kama hapo kitabu cha kusoma hakina mwenyewe mmoja. Watoto watatu au wanne hukiinamia pamoja. Aliyekaa katikati anaona vizuri. Wa pembeni anaona maneno yakizama mgongoni, asijue mstari umeishia wapi. Ndipo mmoja wao anakigandamiza kwa kiganja hadi kinatoa mlio. Kuanzia hapo ukurasa mmoja unachomoka, kisha wa pili, kisha somo zima. Mwalimu anawagombeza kwamba hawatunzi vitu.

Lawama hiyo si haki yao. Kitabu kisichokubali kufunguka kitavunjwa na yeyote anayetaka kukisoma kwa dhati, na kosa la namna hiyo lilifanyika kiwandani, siku kilipojalidiwa.

Vitabu vingi vya bei nafuu siku hizi hubandikwa kwa gundi tupu. Kurasa hupangwa pamoja, mashine hukwangua milimita chache za upande wa mgongo ili kila karatasi iwe peke yake, kisha gundi ya moto, yenye joto la nyuzi 160 hadi 180 za Selsiasi, humiminwa na jalada hubanwa juu yake. Ikipoa, kazi imekwisha. Ni haraka, ni rahisi, na kitabu kinapendeza kikiwa kipya. Shida iko kwenye gundi yenyewe: ile ya kawaida hukakamaa kadiri inavyozeeka, na kwenye joto kali hulainika. Kitabu kilichokaa siku nyingi ndani ya kontena juani, kikavuka Ziwa Tanganyika, kikalala ghalani, hufika darasani mgongo wake umekwisha kuchoka.

Ndoto ya kubandika bila kushona si ya leo. Mwaka 1836 Mwingereza William Hancock alipata hataza ya kujalidi kwa kaucho, utomvu uleule ambao miongo kadhaa baadaye uliwaletea watu wa Kongo msiba chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Vitabu vya Hancock vililala wazi vizuri ajabu, maana mpira ulinyumbulika. Lakini kaucho ilikauka, ikapukutika, na kurasa zikabaki zimelegea ndani ya majalada mazuri. Karne moja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1930, Mjerumani Emil Lumbeck alionyesha kwamba gundi nyeupe ya baridi inaweza kushika vizuri zaidi: kurasa zinapinda kidogo upande huu, gundi inapakwa, zinapinda upande wa pili, inapakwa tena, hivyo kila karatasi inashikwa ukingoni na ubavuni. Tangu miaka ya 1980 viwanda vikubwa vimepata gundi ya poliyurethani, ambayo hugandishwa na unyevu wa hewa. Tabaka lake ni jembamba, halipasuki kwa baridi wala halilainiki kirahisi kwa joto, na kwa sababu ni jembamba kitabu hufunguka zaidi. Ni maendeleo ya kweli, ila mashine zake ni ghali.

Hata hivyo hakuna gundi iliyowahi kuushinda uzi.

Anayetaka kuona tofauti Katanika hahitaji kwenda mbali. Achukue Biblia yenye jalada gumu au Msahafu uliotengenezwa vizuri, autazame mgongo kwa juu. Badala ya ukingo mmoja uliokatwa sawasawa ataona vitita vidogo vilivyokunjwa, kimoja kando ya kingine. Kila kitita ni karatasi kadhaa zilizokunjwa pamoja na kushonwa katikati ya mkunjo, na uzi huohuo umekiunga na kitita jirani. Karatasi haishikiliwi na utando wa gundi ukingoni. Imefungwa kwa uzi kupitia mkunjo wake, na ili ichomoke lazima ichanike. Vitita hivyo vinaachana na kukutana kwa ulaini kila kitabu kinapofunguliwa, ndiyo maana kurasa hulala.

Maarifa haya yana umri mkubwa katika bara hili. Wakristo wa Misri walishona vitabu kwa mshono wa mnyororo, ambamo kila tundu la uzi hupita ndani ya tundu lililotangulia, na Waethiopia wameuendeleza hadi leo kwa ngozi ya mbuzi na mbao mbili za jalada, bila gundi yoyote mgongoni. Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa, zimo Injili ambazo vipimo vya maabara vinaziweka kati ya karne ya 4 na ya 7. Kitabu cha namna hiyo kikiwekwa mezani hulala wazi katika ukurasa wowote, hata ule wa kwanza.

Pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na mafundi wake. Siyu, katika kisiwa cha Pate karibu na Lamu, ilijulikana katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanazuoni na wanakili wake wa Kurani. Karatasi ilitoka Ulaya kwa majahazi. Wino mweusi, mwekundu na wa manjano ulipamba kurasa. Kitabu cha Kiislamu cha zama hizo kilishonwa kwa uzi mwembamba, mgongo ukaachwa bapa na kuvishwa kitambaa, kisha jalada la ngozi likakatwa sawa na ukubwa wa kurasa, aghalabu na ulimi unaofunika upande wa mbele ili vumbi na unyevu visipenye. Kwa kuwa hakukuwa na kamba nene wala tabaka zito mgongoni, kilifunguka bila ubishi. Na msomaji hakukilazimisha: alikiweka juu ya marufaa, kikakaa nusu wazi huku mbao zikiubeba uzito ambao vinginevyo ungebebwa na mgongo. Huo ni utunzaji wa vitabu wa hali ya juu, na ulifanyika katika vyumba vya madrasa.

Ng'ambo ya bara, huku ziwani, mahitaji yaleyale yaliingia kupitia altare. Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, alipopewa upadri Baudouinville, leo Kirungu huko Moba, mwaka 1917, akawa padri mzalendo wa kwanza wa Kongo ya Kibelgiji. Padri anaposali misa huinua mikono yote miwili. Misale inayojifunga yenyewe haimfai, na ndiyo sababu vitabu vya ibada vimeendelea kushonwa hata vile vya kawaida vilipohamia kwenye gundi.

Karani naye ana shida ya padri. Mwaka 1799 ndugu wawili wauza karatasi wa London, John na Joseph Williams, walipata hataza ya daftari la hesabu lenye mgongo wa chemchemi: kipande kigumu kilichopindwa hubana mgongo kitabu kikifungwa, na kikifunguliwa huurusha juu ili kurasa zikae bapa, mwandishi aandike hadi kwenye mkunjo. Madaftari makubwa ya aina hiyo yalienea katika ofisi, benki, bandari na reli duniani kote. Leo anayeyahitaji zaidi ni muuguzi wa kituo cha afya. Kalemie ni mji ambao kipindupindu hurudi mara kwa mara, na muuguzi anayejaza rejista ya wagonjwa kwa mkono mmoja, wa pili ukishika dripu, hana mkono wa tatu wa kuzuia ukurasa.

Njia nyingine zinazoonekana vibandani mjini zina faida na hasara zake. Waya wa mviringo unaotumika kwa taarifa na tasnifu hukiwezesha kitabu kufunguka mzima, hata kikunjwe nyuma kwa nyuma. Lakini waya ukipindishwa mara moja kwenye begi, matundu huanza kuchanika na kurasa hudondoka kimyakimya. Pini za chuma zilizopigwa ubavuni, kupitia unene wote, ni ngumu mno kung'oka, ila zimekula ukingo wa ndani na kitabu hakifunguki kabisa. Kaye ya mwanafunzi, yenye pini mbili katikati ya mkunjo, hulala vizuri pia. Adui yake ni kutu, hasa karibu na ziwa, na karatasi za katikati zinazosukumwa nje kaye ikiwa nene mno.

Kuna jambo moja ambalo hata wachapaji wenye mashine nzuri hulisahau: karatasi ina mwelekeo. Nyuzi zake zilijipanga upande mmoja wakati wa kutengenezwa, na karatasi hukunjika kwa urahisi ikifuata nyuzi hizo, hukaidi ikizikata. Inaponyonya unyevu hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Kitabu ambacho nyuzi zake zinakwenda sambamba na mgongo hulala wazi na kubaki bapa hata masika. Kile ambacho nyuzi zinaukata mgongo hujipinda mawimbi na kusimama kama masikio ya punda. Karatasi ya fotokopi ya A4 kwa kawaida ina nyuzi zinazofuata urefu wake. Ikikunjwa mara moja kuwa kijitabu, nyuzi hukatwa na mkunjo, ndiyo maana vijitabu vingi vya fotokopi ni vikaidi. Dawa ni kununua A3, kuikata katikati, ndipo ukunje: kwa kawaida nyuzi zitaufuata mgongo. Ukitaka kuhakikisha, pinda karatasi polepole bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa wepesi ndio wa nyuzi.

Na hapa ndipo Katanika isipohitaji kusubiri kiwanda. Vifaa vya kushona kitabu ni sindano, uzi, rula, nta ya nyuki na kitu cha kutobolea. Kunja karatasi nne nne, toboa matundu manne au matano katika kila mkunjo kwa kipimo kimoja, anza kushona kwa ndani, na kila ukifika mwisho wa kitita pitisha sindano chini ya mshono wa kitita kilichotangulia. Uzi wa pamba uliopakwa nta unafaa. Wa kitani ni bora ukipatikana. Uzi wa nailoni wa nyavu za ndagala unapatikana kwa urahisi na una nguvu, lakini ule mwembamba hukata karatasi kama wembe, kwa hiyo uchague wenye nyuzi nyingi zilizosokotwa na usiuvute kupita kiasi.

Gundi ina nafasi yake, nayo ni ndogo. Unga laini wa muhogo, uleule wa bukari, ukichemshwa na maji mengi hadi ung'ae hutoa gundi inayoshika karatasi na kitambaa vizuri, na inayoweza kulainishwa kwa maji siku kitabu kikihitaji matengenezo. Ipakwe nyembamba, kwa kuwa mende na wadudu wengine huipenda. Gundi nyeupe ya maseremala haivutii wadudu hivyo, ila ikishakauka haiondoki. Juu ya mgongo uliopakwa gundi bandika kipande cha amerikani kinachozidi sentimita tatu kila upande. Hizo sentimita tatu ndizo zitakazoshika jalada.

Halafu fundi ajizuie. Kosa linaloua kitabu kilichoshonwa vizuri ni kubandika jalada moja kwa moja mgongoni. Jalada lishikwe mbele na nyuma tu, mgongo uachwe huru. Kitabu kikifunguliwa, pengo linatokea kati ya mgongo wa kurasa na mgongo wa jalada, na kurasa zinashuka bila kuvutwa. Wafini walitumia wazo hilo katika miaka ya 1980, kwa mtindo uitwao Otabind, kuvifanya hata vitabu vya jalada laini vilale wazi.

Fundi cherehani, msusi wa mikeka, mvuvi anayetengeneza nyavu, wote tayari wana mikono ya kazi hii. Shule yenye vitabu vilivyochanika inaweza kumwita mmoja wao wakati wa likizo, na kaye za pini zilizoota kutu zikashonwa upya kwa matundu matatu, kila moja kwa dakika chache.

Kwa vitabu vipya, uamuzi hufanywa na anayelipa. Wizara, mashirika, parokia na kamati za wazazi huandika idadi ya nakala na bei, wakanyamaza juu ya mgongo. Mchapaji huchagua kilicho rahisi kwake. Agizo liseme wazi: vitita vishonwe kwa uzi, nyuzi za karatasi zifuate mgongo, mgongo wa jalada uachwe huru. Kushona kutaongeza gharama ya kila nakala, na gharama hiyo ni ndogo kuliko kununua nakala ileile mara ya pili. Kabla ya kulipa, itisheni nakala moja ya mfano, ifungueni katikati, ondoeni mikono. Ikijifunga, irudisheni.