UPIMAJI WA AFYA KWA VIJANA WANAOTUMIA DAWA ZA MARADHI YA AKILI

Wazazi na walezi wa Unguja na Pemba wenye vijana wanaotumia dawa za maradhi ya akili wanakumbushwa umuhimu wa kuwapeleka vijana hao kupimwa uzito, shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu tangu dawa inapoanza.

Dawa hizo humpunguzia mgonjwa hofu na sauti wasizozisikia wengine, na nyingi zimewarejesha vijana skuli na kazini. Hata hivyo, baadhi yake, hasa olanzapini, huathiri sehemu za ubongo zinazoongoza njaa na shibe, na huvuruga matumizi ya sukari na mafuta mwilini. Kijana hula asitosheke. Huo si ulafi. Jamaa wakimwona amenenepa husema amenawiri, kumbe huenda kisukari kinamnyemelea.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 uliwafuatilia watoto na vijana 272 wenye umri wa miaka 4 hadi 19. Kwa muda wa takriban wiki 11, waliotumia olanzapini waliongezeka wastani wa kilo 8.5, na waliotumia risperidoni kilo 5.3. Wenzao ambao hawakuendelea na dawa waliongezeka kilo 0.2 tu.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2004 na jumuiya za madaktari wa kisukari na wa maradhi ya akili nchini Marekani uliweka utaratibu ufuatao:

(a) Uzito: kabla ya dawa, wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila miezi 3.

(b) Shinikizo la damu, na sukari kabla ya kula: kabla ya dawa, wiki ya 12, kisha kila mwaka.

(c) Mafuta ya damu: kabla ya dawa, wiki ya 12, kisha kila miaka 5, au mapema zaidi daktari akiona haja.

(d) Mzunguko wa kiuno: kabla ya dawa, kisha kila mwaka.

Uzito ukiongezeka kwa asilimia 5, yaani kilo 2.5 kwa kijana wa kilo 50, daktari hutakiwa kufikiria kubadilisha dawa. Kwa mtoto anayekua, uzito husomwa pamoja na urefu na umri wake.

Kijana asiachishwe dawa ghafla kwa sababu ya unene, kwani maradhi huweza kurejea kwa nguvu. Daktari anaweza kubadilisha dawa au kuongeza metformini. Nyumbani, soda na vyakula vya sukari vipunguzwe kwa familia nzima, ili kijana asione ametengwa. Akipata kiu kali, kukojoa mara kwa mara au uchovu usio wa kawaida, apelekwe kituo cha afya bila ya kuchelewa.

Watumishi wa Serikali wenye vijana hao wanashauriwa kuwaarifu wakuu wao wa kazi mapema ili siku ya kliniki isipite, na kuhifadhi vyema kadi ya vipimo. Bila ya kipimo cha siku ya kwanza, ni vigumu kutambua mabadiliko yaliyoletwa na dawa.